Kaka Tuliyempata Hospitali

Kwako dada yangu,

Shikamoo. U mzima? Shemeji hajambo, na goti lake limepata nafuu? Wabusu wanangu wote, na kitinda mimba umwambie mama mdogo anamkumbuka. Mimi sijambo, au tuseme naendelea vizuri, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia. Mwandiko huu unisamehe. Naandika nimeegemea mito minne, daftari liko mapajani, na mkono hauendi mbali.

Nilikuambia nakwenda kwenye semina ya wiki mbili ya mitindo mipya ya kusuka. Hapakuwa na semina, dada. Nilikwenda kufanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti. Kama umesimama, kaa kwanza.

Daktari ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba, na hakunirembea maneno. Alinieleza kwamba atakata chini ya titi, atie kifuko cha silikoni, ashone. Akasema vifuko hivyo si vya milele, huenda baadaye vikahitaji kubadilishwa, na kwamba chuchu zinaweza kufa ganzi, na nikija kuzaa pengine maziwa yasitoshe. Akaniuliza ni nani anayenishinikiza. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena kwa njia nyingine, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Kisha akachukua kalamu akanichora mistari kifuani, nami nikawaza jinsi ninavyogawa vichwa vya watu kwa kitana.

Nilipigwa nusu kaputi, nikahesabu mpaka tano tu. Nilipozinduka nilihisi kama mtu amenikalia kifuani na hana haraka ya kuondoka. Matiti yalikuwa yamevimba, magumu, yamepanda juu hata nikaogopa. Muuguzi alicheka, akasema yatalainika na kushuka yenyewe, wiki hadi wiki. Akanipa masharti: nilale chali, sidiria ya kubana nisiivue wiki sita, nisibebe hata birika lililojaa, na mikono isipite mabega. Mimi msusi, dada! Maisha yangu yote mikono yangu iko juu ya vichwa vya watu.

Hawamruhusu mgonjwa kutoka peke yake. Kwenye fomu niliandika namba yako, ila sikuthubutu kukupigia. Nikamwomba dereva wa teksi aliyenipeleka aseme yeye ni kaka yangu. Alikubali, na kazi hiyo akaifanya barabara. Alimsikiliza muuguzi ameinamisha kichwa, akauliza vidonge ni kabla ya kula au baada, akauliza homa ikipanda tufanyeje. Hata mimi nikaanza kumwamini. Kila asubuhi ananipigia kuuliza kama nimemeza dawa. Mbali na yeye, hakuna aliyebisha mlango huu.

Leo ni siku ya tisa. Bandeji zimetolewa, mshono unakauka vizuri. Nilijitazama kwenye kioo na nimependeza, sikufichi. Nikageuka nimwonyeshe mtu, nikakutana na kabati. Nililia, na kulia kunauma kifua, ikabidi nilie polepole. Nywele zangu nazo usiombe uzione, sijazichana tangu nitoke hospitali. Kitambaa nakifunga nimeinamisha kichwa mpaka magotini.

Sasa la moyoni. Siku ya harusi yako nilijaza kifua kwa leso mbili zilizokunjwa. Moja ilidondoka tukicheza, nawe ukasema kwa sauti kwamba Ubao umedondosha chaki. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Najua Ubao ni jina ulilonipa tangu tukiwa wadogo, tena kwa mapenzi, na hukukusudia kuniumiza. Lakini miaka hii kumi na mmoja, kila ninapokuambia siji kwako kwa sababu kazi zimenibana, si kazi. Ni ile chaki. Nilikukasirikia, dada, nikaishi na hasira hiyo peke yangu mpaka ikawa ndiyo mwenzangu wa nyumbani. Upasuaji sikuufanya kwa ajili yako. Niliutaka mwenyewe na sijutii. Ila nilipogeuka kutoka kwenye kioo, niliyemtafuta ni wewe.

Huyo aliyekukabidhi barua hii ndiye kaka yetu. Nimemwomba asubiri nje mpaka umalize kusoma, na hajui nilichoandika. Ukitoka na mkoba atakufungulia mlango wa gari akulete kwangu, na usisahau kitana chenye meno mapana, changu kimevunjika. Ukitoka mikono mitupu, mshukuru tu aende zake. Akirudi peke yake nitafahamu, na sitakuuliza.

Msalimie shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa Ubao