Dari la Jumba la Mnada

Jumatatu, 7 Mei 1821

Leo Bwana Hoogendijk ametamka mwenyewe, mbele ya mafundi wote: nikilimaliza dari la jumba lake la mnada kabla ya Juni mosi, atatia sahihi barua ya uhuru ya mke wangu, ambaye ni mtumwa wake. Sameda! Miaka tisa naomba ruhusa ya mtu mwingine ili nilale na mke wangu. Mungu hajatupa mtoto, na nashukuru — angekuwa mali ya Hoogendijk.

Naandika Kiholanzi kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza chuoni. Akilikuta daftari hili ataona minyoo tu.

Alhamisi, 10 Mei

Chokaa imeletwa. Kome zilizotengenezewa zimechomwa ovyo, na imelala na maji shimoni siku nane tu. Siku nane! Chokaa changa ina punje ambazo hazijanywa maji. Zikija kunywa zikiwa darini, hufura na kupasua lipu. Nimemwambia inataka miezi mitatu. Akaniuliza kama Sameda naye anaweza kungoja miezi mitatu. Makarani wakacheka. Nikashika mwiko wangu wa lipu.

Ijumaa, 18 Mei

Lindoor, mwenzangu wa lipu, ameanguka kutoka jukwaani. Mguu umevunjika mahali pawili. Ni mtumwa wa kukodishwa. Bwana wake alikuja, akautazama mguu, uso hakuutazama. Mimi nami sikushuka. Ua kubwa la lipu, pambo la katikati ya dari, lilikuwa bichi, ningeliacha lingeharibika. Lindoor alikuwa akiniita kwa jina. Nimeswali Ijumaa na chokaa kwenye kucha, na sioni haya kama inavyonipasa.

Jumapili, 27 Mei

Limekwisha. Nimepiga lipu forodhani, mahakamani, kwenye maghala ya mvinyo — kote naingilia mlango wa nyuma — na hakuna dari linalolifikia hili. Ua lina majani arobaini, upana wa meza ya watu wanane. Uzito sitaki kuufikiria.

Sameda alileta kapu la chakula cha bwana wake, akatazama juu kwa muda mrefu. Akauliza kama nimelitengeneza kwa ajili yake. Nikamwambia, kwa ajili ya karatasi yake.

“Haya. Nikishakuwa huru, mwaka mzima unapika wewe.”

Nimekubali. Hata kufua nimekubali.

Jumatano, 30 Mei

Vipele. Saba, juu ya ua, na ufa mwembamba kama unywele. Nikisema, dari halijakwisha na barua hakuna. Nimepanda, nimeziba, nimepaka chokaa nyepesi. Hata mimi sioni kitu.

Ijumaa, 1 Juni

Naandika nimekalia ndoo, pembeni mwa ukumbi. Watu wanaingia.

Alfajiri nilimwendea Hoogendijk kudai barua. Mchangamfu kweli. Barua ipo, anasema, ila hakutaja siku ya kuitia sahihi. Tangu Waingereza wapige marufuku meli za watumwa, mpishi hodari hapatikani mjini, na mnada mpya unataka kitu cha kwanza cha kuvuta watu. Sameda ndiye nambari moja. Saa nne.

Meza ya kumsimamisha wameiweka chini ya ua.

Nikamwambia yote: chokaa changa, vipele, ufa niliouficha. Mbele ya wageni wake. Nilitaka alifunge jumba. Nilitaka anichape, anifunge, lolote, ili leo isiwe leo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Meza haisogei, Februari. Mwanga mzuri uko hapo, watu wanataka kuona meno.”

Februari ni mwezi alioninunua. Nilijikomboa miaka sita iliyopita, lakini jina hataki kuliacha. Naitwa Abdul Malik.

“Kama unaogopa, panda ukalishikilie.”

Wakacheka wote, na yeye hatanii. Ametuma ngazi iletwe.

Sameda ameshapandishwa mezani. Wamemvua viatu. Nimempungia mkono, ameangalia pembeni, anadhani nilijua kwamba atauzwa. Unga mweupe umemdondokea begani sasa hivi, ameupangusa bila kutazama ulikotoka. Mtu mmoja mwenye kofia ndefu anamwambia afumbue mdomo.

Ngazi imefika. Nikilishikilia ua vizuri, atauzwa mzima.

Wananiita