Bundi Niliyemrushia Viazi

Jumapili ya mwisho ya Novemba. Mawingu mazito tangu asubuhi, na theluji nyepesi inayoyeyuka kabla haijatua sawasawa. Niko mezani hapa New Hope, ughaibuni, chai imepoa. Nina aibu. Acha niliseme hilo kwanza, maana siku tano nimekuwa nikilizunguka.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa Taita, nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na mwaka huu nimejiunga na klabu ya watu wanaotazama ndege. Haya, cheka. Wakenya wenzangu kanisani walicheka vya kutosha, wakaniuliza kama kuku nao wanahesabiwa. Aliyeniingiza ni Harold, mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye dada yake alikuwa chini ya uangalizi wangu. Dada alipofariki, Harold aliniletea darubini yake ya zamani, akaniambia Jumamosi nije ziwani.

Klabu ina utaratibu wake. Ukiona ndege unaandika kwenye grupu: ndege gani, mahali, saa, wangapi. Bundi peke yake ndiye hatangaziwi mahali alipo, ili watu wasimjazie. Unamnong'oneza mwenyekiti tu. Na kila Jumamosi baada ya matembezi tunasimama nyuma ya gari la mwenyekiti, buti iko wazi, kahawa iko kwenye thermosi, na kila mmoja anasema alichokiona wiki hiyo. Hakuna anayekagua. Wanakuamini tu.

Vuli hii Harold alikuwa na ombi moja. Kuna bundi mdogo, hazidi ngumi, anayepita huku majani yakishapukutika na kujificha mchana kutwa kwenye miti isiyopukutisha. Harold alitaka kumwona mara moja tena. Macho yake yanakwenda. Katikati pameingia ukungu, hata akizungumza nawe huangalia sikio lako. Daktari amemwambia huenda mwakani asitambue ndege yeyote. Basi grupu nzima tulikuwa tukimtafutia.

Jumanne, saa moja asubuhi, nimetoka zamu, nikafungua pazia la balkoni. Alikuwa kwenye ule mti wa Krismasi unaokaribia kugusa ukuta wetu, hatua tatu kutoka niliposimama. Amefumba macho, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Nilimjua papo hapo. Nikampiga picha. Harold hangehitaji kutembea hata kidogo. Angekaa kwenye kiti changu, na koti lake, amtazame mpaka achoke, kwa sababu bundi huyu akiupenda mti hukaa siku kadhaa.

Kabla sijaituma picha, simu ikalia. Alikuwa mama.

“Wakesho wamempeleka theatre saa hii. Ni tumbo, wanampasua. Wewe omba tu, mwanangu.”

Wakesho ni mdogo wangu, tumebaki wawili. Nikainua uso. Bundi naye alikuwa amefumbua macho, ya manjano, ananitazama.

Sijui nijitetee vipi. Nimeishi nchi hii miaka kumi na mmoja. Nimewashika mikono watu wengi wakikata roho, na sijawahi kuona bundi dirishani kwa hata mmoja. Lakini pale nilikuwa tena mtoto wa kwetu Wundanyi, namwona mama akitoka na kijinga cha moto kumfukuza bundi juu ya paa kabla hajamwita mtu. Nikachukua sufuria na mwiko, nikagonga. Hakuondoka. Nikachukua viazi vilivyokuwa kwenye mfuko jikoni, nikamrushia kimoja kimoja. Cha tatu kiligonga tawi lake. Akaruka kuelekea barabarani.

Hakuwa amelia hata mara moja.

Kisha nikaifuta ile picha. Hofu ilinifanya nirushe viazi, lakini picha niliifuta kwa akili zangu timamu.

Wakesho alitoka salama. Alhamisi nikampigia, nikamsimulia, na nakiri nilitarajia shukrani kidogo. Alicheka mpaka akalalamika. “Viazi? Usinichekeshe, niko na stichi.” Halafu akauliza: “Na yule mzee wa macho, umemwambia?”

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jana nikaenda ziwani. Njia ilikuwa na barafu, kwa hiyo Harold alinishika kiwiko muda wote. Zamu yangu ilipofika pale kwenye buti, nikasema nimeona kunguru watano na kigong'ota mmoja. Harold akanipongeza kwa kigong'ota. Yeye alisema hakuona kitu, alisikia mabata bukini tu wakipita juu, na kwamba pengine mwaka huu bundi wadogo wamepita kwingine. Mimi nikanywa kahawa.

Hata huyo kigong'ota nilimbuni.

Leo nimetoka kanisani sikumbuki mahubiri yalihusu nini. Nimekaa ndani ya gari, nikaandika kwenye grupu kwa utaratibu wetu, maana bundi huyu alishaondoka, hakuna wa kumjazia: Bundi mdogo. Balkoni yangu, New Hope. Jumanne, saa moja asubuhi. Mmoja. Nilimfukuza kwa viazi, na jana niliwadanganya.

Mmoja akajibu kwamba mtu wa namna hiyo hana nafasi klabuni. Wengine walisoma tu. Harold, ambaye husomewa ujumbe na simu yake, akanipigia. Aliuliza kitu kimoja: mti gani?

Nikaenda kumchukua. Njiani nikamweleza yote, simu ya mama, kijinga cha moto, picha niliyoifuta. Tulipofika chini ya mti nilipiga magoti kwenye udongo uliolowa, nikatafuta, nikapata kidonge cha kijivu cha manyoya na mifupa, kile ambacho bundi hukitema akishamla panya. Nikamwekea kiganjani. Alikipasua kwa kidole gumba, akapapasa taya dogo lililokuwa ndani.

“Alikuwa anakula vizuri,” alisema. “Na dada yako? Anakula?”

Nikasema ameanza uji.

“Asubuhi ile dada yangu alipofariki,” alisema, “ningemwona wa kumrushia viazi, ningemrushia mfuko mzima.”

Ningependa angenigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

Kisha akauliza tawi gani. Nikamshika mkono, nikauelekeza. Aliinua uso, akatazama pembeni kidogo ya tawi, jinsi anavyoona siku hizi, na akakaa hivyo muda mrefu sana, na pale juu hapakuwa na kitu.

Nimemrudisha kwake. Kile kidonge amekwenda nacho mfukoni.

Kesho nitafungua pazia kabla sijavua viatu. Nimemwahidi Harold kwamba bundi akirudi nitampigia yeye kwanza. Najua nilimaanisha. Lakini akirudi, na simu ya mama ikalia dakika hiyo hiyo, mikono yangu itashika nini?