Mwavuli Mweusi wa Mama

Tik-khe, Taiwani
29 Aprili 2001

Mdogo wangu Bun-hiong,

Hujambo huko Kuching, Sarawak? Mgongo wako unaendeleaje na kazi za kiwandani? Huku tu wazima, mimi na kuku, ila goti linanilalamikia kila nikipanda kuchimba machipukizi ya mianzi.

Habari yenyewe siwezi kuichelewesha: amerudi! Ndege wa rangi nane! Jana asubuhi niko mianzini nikasikia hwii-yu, hwii-yu, nikatupa jembe nikapiga kelele kama kichaa. Tangu kampuni ya kokoto ianze kupasua mlima wa ng'ambo hakuwahi kukanyaga mteremko wetu. Nimemwona kwa macho yangu haya: mgongo wa kijani, tumbo jekundu, na ile buluu ya bawani inayomulika kwenye kiza cha mianzi. Alikuwa anachakura majani makavu akitafuta nyungunyungu. Mama angekuwa hai angemjibu kwa mluzi mpaka achanganyikiwe.

Yule bwana wa kampuni alikuja tena kuuulizia mteremko. Chai nimempa, jibu sijampa.

Dada yako,
Bi-luan


Kuching
10 Mei

Dada Bi-luan,

Shikamoo. Goti lipake mafuta ya tangawizi, usilifanyie ukaidi. Mimi mzima, nakohoa tu vumbi la mbao.

Nimefurahi kwamba ndege amekufurahisha. Lakini ndege hanifungulii karakana. Tulishakubaliana, Dada: tunauza mteremko, nami narudi nyumbani, nafungua karakana yangu mwenyewe. Kampuni hainunui ardhi yenye kaburi. Na Mama amelala pale miaka minane, hata bila kampuni wakati wa mifupa yake kufukuliwa na kuwekwa kwenye mtungi, kama desturi yetu, umefika. Mtazamia kalenda ametuchagulia tarehe 12 Juni, anasema siku njema kama hiyo haipatikani tena mwaka huu. Fundi wa kufukua mifupa nimeshamwambia.

Wewe fyeka kaburi, nunua mtungi mzuri, na mwavuli mweusi, ule mkubwa. Sitaki mifupa ya Mama ionwe na jua.

Mdogo wako,
Bun-hiong


Tik-khe
27 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Nilikwenda kufyeka kaburi kama ulivyosema. Nimekata magugu yote, nimebaki najisifu kwa usafi, kumbe ubavuni mwa kaburi kuna kiota! Cha mviringo, cha vijiti na majani, kina kimlango upande mmoja. Ndani mayai! Mlima mzima upo, yeye kachagua kwa Mama!

Furaha haikudumu. Jua lilikuwa linakipiga kiota moja kwa moja, kwa sababu mimi mjinga nimeondoa kivuli chote. Ndege kasimama kwenye mwanzi, ananitazama, haingii. Nikakimbia nyumbani, goti likataka lisitake, nikarudi na ule mwavuli mweusi, nikauchomeka juu yake. Nikajificha. Akaja akirukaruka, akautazama huku na huku, akaingia! Bun-hiong, niliziba mdomo kwa mikono miwili nisipige ukelele.

Najua mwavuli ni wa nani. Ahirisha, tafadhali. Makinda yaruke kwanza.

Dada yako,
Bi-luan


Kuching
3 Juni

Dada,

Shikamoo, na usinijibu kwanza. Mwavuli wa Mama? Umemfunika ndege kwa mwavuli wa Mama? Watu wakisikia tutauficha wapi uso?

Tukiahirisha, kampuni itanunua kwa mwingine, nami nitazeekea huku nikipanga mbao za watu. Ndiyo unachotaka? Basi tusigombane, tumuulize Mama mwenyewe. Nafika tarehe 11. Kesho yake asubuhi nitarusha vibao vya mwezi, vile vya kuulizia wafu, mbele ya picha yake. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mara tatu mfululizo, Mama amekubali, na wewe huna la kusema tena. Tena narusha mimi. Wewe tangu utotoni una mkono mwepesi.

Unakula lakini? Usishinde mlimani na njaa kwa ajili ya ndege.

Mdogo wako,
Bun-hiong


Tik-khe
16 Juni

Mdogo wangu,

Umefika salama? Hukuniaga, na mimi sikukupa nafasi. Nilipoona vibao vinasema ndiyo, ndiyo, na ndiyo tena, nilitokea mlango wa jikoni nikaenda kujifunika shuka kwa jirani Siok-hun. Sikutaka kusikia sauti ya jembe. Alinibembeleza kwa uji wa viazi vitamu, nikaukataa.

Niliporudi kesho yake ulikuwa umeshaondoka. Mtungi uko mezani. Nikaukumbatia nikasema, Mama nisamehe. Mbona mwepesi? Nikafunua: mtupu!

Nilipanda mlima sijui kwa miguu ya nani. Kaburi liko vilevile, halijaguswa. Mwavuli umefungwa imara kwenye mianzi, tena kwa kamba za viatu vyako! Ulitembeaje uwanja wa ndege, mtu mzima, viatu vinakuvuka? Na makinda yametotolewa, midomo wazi. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena.

Lakini sielewi. Mama alikubali mara tatu mbele ya macho yangu. Bwana wa kampuni anauliza kama umesaini. Umesaini? Niambie hata kama ni habari mbaya.

Dada yako,
Bi-luan


Kuching
4 Novemba

Dada yangu Bi-luan,

Shikamoo. Goti limepona? Barua zako zote nimezipata, nisamehe kwa kimya. Sijasaini, wala sisaini.

Asubuhi ile kabla hujaamka nilipanda kuung'oa mwavuli. Ndege akanitokea, nyungunyungu wamejaa mdomoni, akasimama pale anangoja nimpishe. Akaingia kuwalisha wanawe, akatoka. Nikapiga ule mluzi wa Mama, mzaha tu. Dada, alinijibu! Nikakaa kwenye tope tukajibizana mpaka suruali ikalowa. Kamba nyingine sikuwa nayo, ndiyo maana nikatumia za viatu.

Nikashuka, nikawasha udi, nikashika vibao. Swali huulizwa kimoyomoyo, wajua. Wewe ulidhani nauliza kama tumtoe. Nilimuuliza: Mama, unataka kubaki? Ungengoja kidogo ningekwambia, lakini ulikuwa umeshakimbilia shuka. Basi na mimi nikanuna nikaondoka bila kuaga. Ndugu ni ndugu.

Sasa sikia la leo! Wakati wa chakula cha mchana, kwenye kipande cha msitu kilichobaki nyuma ya kiwanda, kitu kinachakura majani. Kijani, chekundu, na ile buluu! Bakuli la tambi liliniponyoka. Wenzangu wanasema huja huku kila mwaka mvua zikianza, na huku haimbi kabisa. Nikampigia mluzi. Aliinua kichwa tu, akanitazama, akaendelea kula.

Aprili atarudi huko. Nimemwambia msimamizi kwamba mkataba siongezi, Aprili nami naondoka. Karakana nitaifungua chini ya nyumba yetu, hata iwe ya baiskeli. Siku ya kusafisha makaburi ikifika usiguse panga, ningoje.

Na ununue mwavuli mwingine, Dada. Ule wa kwa Mama sizifungui kamba zake.

Mdogo wako,
Bun-hiong