Pumzi Niliyoinasa Ngazini

Mwanasha,

Wakubwa husema maiti akisalimiwa hujibu, ni sisi tu tusiosikia. Basi assalamu alaykum. Ni mimi, Zuhura. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa.

Sijafika kaburini kwako. Wajua mambo yetu: siku ya mazishi wanawake tulibaki ndani kwenu, mtaa wa Kuze, tukisoma, na jeneza likatoka. Nilichungulia dirishani. Wajua nani alikuwa mbele, bega la kulia? Feisal. Kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, analia kama mtoto. Jirani yenu akasema, "Maskini, walikuwa wakisoma pamoja." Nilitamani nishuke nimtoe pale. Sikushuka. Ningeanzaje, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa mamako, nala wali wa msiba wako, na siri nimeifungia kifuani?

Sasa ni miezi minane. Yametokea mengi, na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza.

Nianze na ile karatasi. Unaikumbuka, ya mwalimu wetu wa filamu: sifa za filamu ya kusisimua. Giza. Kukimbizana. Adui aliyefichwa uso. Silaha. Mtu asiye na hatia. Tuzionyeshe zote ndani ya dakika kumi, na kila moja ina alama zake. Wewe uliisoma, ukaikunja, ukajipepea nayo.

"Haya ni ya kwao," ukasema. "Mimi mtoto wa Mji wa Kale. Kichochoro chenye giza hakinitishi, kila mlango najua nani yuko nyuma yake. Kinachonitisha mimi ni saa nane mchana."

Feisal alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua unachosema. Watu wameshaswali adhuhuri, wameshakula, maduka yamefungwa, jua limekaa kwenye kuta mpaka macho yanauma, na njia nzima haina mtu. Ukibisha hodi, hakuna wa kukuitikia. Ukatusimulia kisa chako tukiwa tumeketi barazani kwenu. Msichana anagundua kwamba ami yake ameiga saini ya bibi ili auze nyumba ya ukoo. Anatoka kutafuta mtu wa kumwambia. Kila jirani anamsalimia vizuri, anamuuliza habari za nyumbani, na kila salamu inamwonyesha kwamba jirani huyo anajua tayari. Hakuna kisu. Ami uso wake wazi tangu mwanzo, anatabasamu, anamletea halua. Mwisho anamwekea karatasi na kalamu mbele yake, na nyuma yake kuna mtu anaufunga mlango, taratibu. Basi, filamu imekwisha.

"Kusisimka si kukimbia," ulituambia. "Ni kuketi, na huku unajua."

Nilipigwa na baridi ya mwili, wallahi. Na bado nilikupinga.

Tulikuwa watatu: wewe kamera, Feisal mwongozaji, mimi sauti. Feisal alisema bila kukimbizana tutapoteza alama, tukate maneno kwa kura. Muhula uliopita nilikuwa nimeanguka somo moja, na baba alikuwa ameshaanza kusema mambo ya kuniozesha. Nikainua mkono upande wa Feisal. Uliniangalia. Hukukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Ulisema tu, "Haya basi. Tukimbizane."

Tulikwenda kupiga picha kwenye ile nyumba ya bibi yako iliyokuwa ikingoja kukarabatiwa, kwenye ngazi zile nyembamba. Tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatengeneza usiku wa uongo, na nje mchana wako umejaa njia nzima bila mtu wa kuutazama. Feisal akataka moshi. Mashine ya moshi ya chuo ilikuwa mbovu. Wote wanadhani Feisal ndiye aliyetoa fikra ya kuchoma makumbi ya nazi. Si Feisal. Ni mimi. Nilikwenda mwenyewe kwa muuza madafu nikamwomba makumbi mabichi, nikayaweka juu ya makaa chini ya ngazi, nikayapepea mpaka yakatoa moshi mzito. Nilijiona hodari.

Binamu yake Feisal, aliyecheza yule msichana, alipanda mbio. Wewe ulikuwa mbele yake na kamera, wapanda kinyumenyume. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne binamu akalalamika macho yanamwasha, akapewa maji, akapumzishwa. Wewe hukulalamika, kwa hivyo hukupumzishwa. Nilikuona ukitoa ile inhela yako ya pumu, ukaivuta, halafu ukaitikisa karibu na sikio.

"Dawa iko?" nikakuuliza.

"Iko."

Nikaridhika. Neno moja, nikaridhika.

Mara ya saba ndiyo ninayoisikia mpaka leo. Fimbo ya maiki ilikuwa karibu na wewe kuliko na binamu. Ndani ya hedifoni niliisikia pumzi yako: inapiga mluzi kama upepo kwenye ufa wa mlango, inavuta, inakwama, kimya, halafu inavuta tena. Mwaka mzima nilikuwa nashika maiki na sikuwa nimewahi kunasa sauti nzuri kama ile. Nilifumba macho niisikie vizuri.

Nilipandisha sauti, Mwanasha. Sikukujia. Nilipandisha sauti.

Magharibi ya siku ile ile mamako alikukimbiza hospitali. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, ulikuwa umeshakwenda. Daktari alisema kifua chako kilikuwa kibovu tangu utotoni na msimu ule ulikuwa wa vumbi. Hakuna aliyeuliza kuhusu moshi. Sisi tuliokuwa ngazini hatukusema. Hatukupatana kunyamaza, hata hatukutazamana. Kila mmoja alinyamaza kivyake.

Feisal aliihariri filamu peke yake. Mafaili ya sauti nilimpelekea mimi. Lile la mara ya saba nilikuwa nimeliandika jina siku ile ile tuliyopiga, kabla sijajua lolote: "Pumzi, nzuri sana." Sikulibadilisha jina. Nililituma hivyo hivyo, na wewe uko chini ya mchanga.

Filamu ilionyeshwa ukumbini chuoni. Mamako alialikwa, akakalishwa mstari wa mbele. Kwanza yakatokea maandishi: kwa kumbukumbu yako. Watu wakasema amin. Kisha msichana akaanza kukimbia, na katikati ya ngazi Feisal akaizima picha. Kiwambo cheusi, na pumzi yako peke yake, muda mrefu. Nyuma yangu msichana mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Hiyo pumzi! Kama kweli vile."

Baadaye zikatolewa tuzo. Sauti bora: Zuhura. Nilisimama, Mwanasha. Nilitembea mpaka mbele. Nikapokea kigae cha kioo, nikapigwa picha, nikatabasamu, maana uso ukishazoea kupigwa picha hauulizi moyo. Nilipotazama chini, kiti cha mamako kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje ya lango, ameshika buibui lake kwa mikono miwili, anangoja tuk-tuk.

"Zuhura, mwanangu," akaniambia, "ile pumzi ni ya nani?"

"Ya kuigiza, Bi Rahma."

"Nimelala na pumzi ile miaka ishirini na moja. Usinambie ni ya kuigiza."

Tuk-tuk ikaja, akapanda. Hakuniaga.

Ilinichukua siku tisa kupata miguu ya kwenda Kuze. Nilibeba kompyuta. Nilimweleza yote: kura, makumbi, inhela uliyoitikisa. Alinisikiliza bila kunikatiza, anakunja na kukunjua ncha ya leso yake. Nilipomaliza akasema, "Nataka kuisikia. Yote. Siyo ile mliyoikata."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Kwa sababu nilijua kilichobaki mwishoni, baada ya Feisal kusema "Kata!" Blanketi linaanguka. Unakohoa. Kisha sauti yako, mbali kidogo: "Zuhura... umeipata?" Na sauti yangu, imeshikana na maiki, inacheka: "Nimeipata, shoga yangu! Safi sana! Hebu kohoa tena kidogo."

Mamako hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema, "Rudisha." Nikarudisha. "Hapo anapokuita." Nikarudisha tena. Alikusikiliza ukiniita jina langu mara tatu, amefumba macho kama nilivyofumba mimi. Kisha akanitazama.

"Siku nyingine ukisikia mtu hana pumzi, vua hayo madude masikioni umwendee."

Akanyanyuka kwenda kuswali. Sikupewa hata maji. Kwenu, Mwanasha, ambako hata fundi wa bomba haachwi kuondoka bila kahawa.

Kesho yake akanipigia simu. "Nipeleke kwa huyo Feisal." Nikampeleka. Tulimkuta kwenye chumba cha uhariri, na Feisal akasimama haraka, akataka kumbusu mkono. Mamako hakuutoa.

"Mama, niliiweka ili akumbukwe," Feisal akasema.

"Mwanangu alikuwa na sauti ya kucheka. Ya kugombana. Ya kusoma Qurani, majirani wakinyamaza wamsikie. Zote hizo hukuona za kumkumbukia, ukaona hii?"

Feisal akaigeukia kompyuta. Aliifuta pumzi ile mbele yetu, na lazima niseme ukweli, nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa hajui kuhusu inhela. Mimi nilijua.

Mahali pa pumzi yako wameweka msichana wa mwaka wa kwanza anahemahema. Filamu ilipelekwa mashindanoni Nairobi ikashindwa. Nilifurahi siku nzima, kisha furaha ikanichacha mdomoni. Na usidhani umepumzika. Siku ya ukumbini kulikuwa na mtu ana simu mkononi, anarekodi, na kile kipande kinazunguka. Mwezi uliopita nimeletewa na mtoto wa shangazi yangu, hajui lolote, ameandika, "Sikiliza hii, hutalala." Nawaandikia watu mmoja mmoja waifute. Wengine wanafuta. Wengine wananiuliza kwani mimi ni nani.

Tuzo niliirudisha. Nilimweleza mwalimu yote pia. Akasema nisijilaumu, ni kadari. Halafu akaniuliza kama kuna mwingine niliyemwambia. Nilitarajia nini, sijui. Labda nilidhani atakaa chini. Muhula huu ametoa karatasi mpya ya sifa za filamu ya kusisimua. Giza lipo, kukimbizana kupo, silaha ipo, na alama zake zile zile. Chini kabisa pameongezwa mstari mmoja: moshi halisi hauruhusiwi. Huo ndio wewe chuoni. Mstari mmoja, na jina halipo.

Narudia mwaka. Baba amekasirika, nimemwacha akasirike.

Na wewe pia nimekukasirikia, nisikufiche. Kwa nini ulisema iko? Wewe uliyeweza kubishana na duka zima pale Biashara Street kwa sababu leso ya yule msichana ilikuwa na jina, yale maneno ya pindoni, lisilofaa kisa chetu! Wiki mbili uligombana na Feisal kwa ajili ya mlango mmoja ufungwe taratibu. Siku ile hukuweza kusema, "Ngojeni, nipumue"? Nakugombeza hivi nikiwa jikoni, kijiko mkononi, mpaka mama anauliza nazungumza na nani. Halafu nakumbuka kwamba ulikuwa umeshashindwa kwa kura, wawili kwa mmoja, na mtu aliyeshindwa kwa kura hutaka asionekane mkorofi. Hasira inarudi kwa mwenyewe.

Sina mengi zaidi. Mamako yuko mzima, amekonda. Nikipita kwenye baraza yenu huitikia salamu yangu, kwa sababu salamu ni faradhi kuijibu, na haongezi neno.

Watu wakiniuliza rafiki yangu alikufa na nini, nilikuwa nikisema, "Amri ya Mungu." Ajali ni ya Mungu, sikatai. Lakini moshi ulikuwa wetu. Nakuahidi, kuanzia leo, yeyote atakayeniuliza nitamjibu: pumu ilimshika ngazini, kwa moshi niliouwasha mimi, na mimi nilikuwepo, nasikiliza. Nitalisema hilo kwa wanaokupenda na kwa wasiokujua. Nitalisema hata siku ya posa yangu, na atakayetaka kuondoka aondoke.

Msamaha sikuombi. Nakujua, ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, ungenitania, ungenimegea nusu ya mahamri yako, na mimi ningepona. Sitaki kupona upesi hivyo.

Mungu akupanulie kaburi, Mwanasha. Kwaheri.

Zuhura