Jicho la Kushoto la Meneja

Jumatatu, 3 Februari

Nimemsafisha Meneja jicho tena. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, pamba, halafu matone. Mara tatu kwa siku, kama walivyonielekeza kwenye duka la dawa za mifugo hapa Katangi. Leo ni siku ya tisa. Manyoya ya shavu la kushoto yamelowa na kushikana. Usaha mweupe, mzito. Hakupigana nami. Zamani angenirushia teke.

Ni sungura wa aina ya chinchilla, wa kijivu, mzito kama jogoo. Wa mdogo wangu Kalondu. Alimwita Meneja kwa sababu ya rangi, eti amevaa suti kama yule meneja wetu wa kiwanda cha EPZ, nilipokuwa nashona suruali huko. Kalondu alipokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, alimwachia mama. Mama alipofariki mwezi wa kumi, akabaki na mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Jioni Kalondu ameomba picha, kama kila siku. Nimempiga sungura picha akiwa amegeuka, upande wa kulia. Jicho zuri. Ameandika kwamba Meneja amenona.

Sikusikia vibaya moyoni. Sikusikia chochote.

Jumatano, 5 Februari

Sketi mbili za shule. Suruali moja ya kufupisha. Cherehani inakwaruza, inataka mafuta.

Meneja ameacha kula sukuma wiki. Ameacha pia majani ya viazi vitamu. Anasogelea chakula, ananusa, anatafuna mara mbili, kinamdondoka. Kidevu kimelowa.

Matone hayasaidii. Najua hayasaidii. Nimemtia hivyo hivyo.

Picha, upande wa kulia.

Ijumaa, 7 Februari

Jicho limeanza kutokeza nje. Si sana. Ukimtazama kutoka mbele ndipo unaona.

Jirani yangu Mama Syombua alikuja kuchukua gauni lake, akamwona kibandani. Akasema sungura akifika hapo ni wa sufuria, na afadhali mapema kabla hajakonda. Hakusema kwa ubaya. Kwake wanachinja sungura kila Krismasi. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria kweli, kama ninavyofikiria ni vifungo gani vinafaa blauzi.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani wameombea familia zilizofiwa. Jina la mama limetajwa. Wanawake wawili nyuma yangu wamelia. Mimi nilikuwa naangalia pindo la nguo ya mtu wa mbele, lilivyoshonwa vibaya.

Kwenye mazishi pia sikulia. Watu walisema nina nguvu. Si nguvu. Ni kama mkono uliolaliwa.

Mchana Kalondu ametuma sauti. Anauliza mbona Meneja kila siku anaangalia upande mmoja tu. Nimemjibu kwamba mwanga ni mzuri upande huo. Ilinitoka haraka, bila kutafuta.

Jumatatu, 10 Februari

Sikushona. Nimemtia Meneja kwenye katoni, nikampeleka Machakos mjini kwa daktari wa mifugo. Daktari Mwikali, mwanamke wa umri wangu, mikono midogo. Alimfungua mdomo, akamulika na tochi ndefu.

Ameniambia meno ya sungura hayaachi kukua. Akila vitu laini tu, bila nyasi kavu za kutosha, hayasagiki. Mizizi ya meno ya juu imesukuma hadi chini ya jicho, na nyuma ya jicho kumejaa usaha. Matone hayawezi kufika huko. Jicho lenyewe limekwisha. Ama atolewe jicho, usaha usafishwe na meno yakatwe, au alazwe asiamke. Na akifanyiwa upasuaji, anaweza kufia mezani.

Nimemwambia mwenye sungura ni mdogo wangu, yuko nje ya nchi.

Akasema, "Basi mwambie leo. Ni wake. Na usingoje, huyu yuko na maumivu."

Nikasema ndiyo, daktari. Nimerudi nyumbani na dawa ya maumivu. Sikumwambia Kalondu. Sikutuma picha pia.

Jumanne, 11 Februari

Mara tano nimeishika simu. Mara tano nimeiweka.

Niandike, maana hakuna atakayesoma.

Mama alipoanza kuugua, Kalondu aliniuliza mara tatu kama arudi. Mwajiri wake alikuwa amekubali kumwachilia. Mara zote tatu nilimwambia ni malaria, mama anaendelea vizuri, asisumbuke. Hospitali walikuwa wameshaniambia ni figo. Mama hakunituma nifiche. Ni mimi. Nilijiambia namlinda. Labda niliona nikilitamka, litakuwa kweli.

Mazishi aliyaona kwenye simu ya binamu yetu. Mtandao ulikatika kabla jeneza halijashushwa.

Meneja amekaa pembeni, mgongo juu. Anasaga meno. Daktari alisema hayo ndiyo maumivu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempigia Kalondu saa nane mchana, saa yake ya kupumzika. Nimemwambia yote. Jicho, meno, picha.

Aliniita kwa jina.

"Ndinda, siku ngapi?"

Nikasema kumi na tisa.

"Na mama? Uliniambia malaria."

Tangu mazishi hajawahi kuniuliza. Nikasema nilijua ni figo. Nilijua tangu wiki ya kwanza.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema, "Mpeleke atolewe hilo jicho. Akifa, uniambie amekufa. Niko mbali, lakini mimi si mtoto."

Akakata.

Nimeosha vyombo. Nimeviosha tena.

Ijumaa, 14 Februari

Daktari Mwikali alimdunga sindano ya usingizi saa nne. Niliketi nje kwenye benchi pamoja na mzee mmoja mwenye mbwa. Mzee alinieleza habari zote za mbwa wake. Nilimsikiliza. Saa sita kasoro daktari akaniita.

Yu hai. Upande wa kushoto umenyolewa, umeshonwa. Mishono sita, safi, imelingana. Mimi ni fundi, najua kazi nzuri.

Nimempiga picha upande huo huo, karibu. Nikaituma bila maneno. Kalondu ameiona. Hajajibu.

Jumapili, 16 Februari

Sikuenda kanisani. Nasaga nyasi na chakula chake cha dukani, nakoroga na maji, namlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kila saa mbili. Nusu inamwagika kwenye leso niliyojifunga.

Tangu Ijumaa hajapata choo. Daktari amesema kwenye simu kwamba tumbo la sungura likisimama, hatuna muda. Nimkande tumbo polepole, nimpe maji, nimpigie asubuhi.

Kalondu bado kimya. Nimemwandikia hivyo hivyo: hajapata choo, anaweza kufa.

Mchana wote nimekaa na Meneja mapajani, namkanda. Moyo wake unakwenda mbio. Nimeogopa. Naandika hili kwa sababu ni kitu cha kwanza kukisikia tangu mwezi wa kumi.

Jumatatu, 17 Februari

Choo. Punje nne, ndogo, kavu.

Nimezipiga picha, nikazituma Saudia.

Kalondu amejibu: "Asante."

Jumamosi, 22 Februari

Anakula nyasi mwenyewe. Anagonga vitu vya upande wa kushoto, halafu anasimama, anafikiri. Nimehamisha bakuli la maji.

Saa nane Kalondu amepiga. Hakuanza na Meneja. Amesema nimsimulie ugonjwa wa mama tangu siku ya kwanza, nisiruke kitu. Nikaketi kitandani. Nikaanza na ile Jumanne mama alipokataa uji.

Aliuliza vitu vidogo vidogo. Ni nani alimsuka nywele. Alijifunika leso ipi. Nilipojua nilisema, na nisipojua nilisema sijui.

Akauliza kama mama alimuulizia.

Nikasema kila siku.

"Ulikuwa unamjibu nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa namjibu kwamba Kalondu yuko njiani.

Nilisikia sahani zikigongana huko kwao, na mtu akifunga mlango. Kisha akauliza siku iliyofuata mama aliamkaje. Nikamwambia aliamka vizuri kidogo, akaomba chai.