Mpira Ndani ya Glovu

Fort Wayne, Indiana
Jumatatu, 8 Machi 2004

Kwako kaka Dale,

Salamu tele kutoka kwetu. Natumaini magoti yamekupa nafuu na jua la Arizona linakutendea wema. Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa tangu uliponipigia simu kwamba Mjomba Clete unayemuuguza huko amekataa chakula. Nambie kweli, bado anatambua watu?

Unaujua ugonjwa wangu wa picha kuukuu za magazeti. Mume wangu Roy husema nitazikwa ndani ya boksi la picha za besiboli, tuokoe gharama ya jeneza. Mwache aseme. Juzi sokoni kwa wakusanyaji, muuzaji mmoja alinisukumia boksi lililotoka kwenye gazeti lililofungwa. Nilikuwa nikisoma migongo ya picha, maana muhuri wa nyuma ndio unaotaja siku, nikakuta: Fainali ya timu za viwanda, Agosti 1957. Ni ileile ambayo Baba aliikata gazetini akaitundika sebuleni. Mjomba anateleza kutafuta bao la ushindi, mdakaji anamgusa, mpira unaonekana wazi ndani ya glovu, na Baba, mwamuzi, ameinua ngumi kumtoa mchezoni.

Ngumi ile ilimtenga marehemu Mama na kaka yake. Tumekua tukimsikia Mjomba akiapa kwamba mpira ulidondoka, hivyo hakutoka na bao lilikuwa halali, na Baba akimjibu kupitia kwetu kwamba kama ana macho akaangalie gazeti.

Basi niliishika picha yenyewe, nikapitisha kidole juu ya mpira. Ulikuwa umevimba. Ni rangi, Dale! Wachoraji wa magazeti walikuwa na desturi hiyo. Mpira usipoonekana, waliuchora ili msomaji asihangaike. Nikautafuta ule wa kweli, nikauona mavumbini, nyuma ya kisigino cha mdakaji, mahali ambapo gazetini palikuwa giza tupu.

Niliogopa, sikufichi. Baba ana miaka themanini na sita na moyo wa kusaidiwa na betri. Roy alinishauri niifiche, eti ukweli uliongoja miaka yote hii unaweza kungoja mazishi mawili. Nikamwambia ya kwanza yako mlangoni.

Jana Baba alikuja kula kama kila Jumapili. Nilimpakulia nyama na viazi, kijiko kikigongagonga sahani, mpaka akaniuliza kama siku hizi nimeanza kunywa. Nikaiweka picha mbele yake, nikasimama karibu na simu.

Hakushtuka hata kidogo. Alivaa miwani, akaitazama sana, kisha akasema kwamba aliuona mpira ukidondoka, lakini ngumi ilikuwa imeshapanda, na mwamuzi akishusha mkono mbele ya uwanja mzima hatasikilizwa tena maishani. Alikusudia kumwambia Clete jioni ileile. Kabla ya jioni Clete akawa ameshamwita mwizi mbele ya Mama, kiburi kikamziba mdomo. Kesho yake gazeti likatoka na mpira ndani ya glovu, akamshukuru Mungu. Alisema hajawahi kutoa shukrani iliyomchoma kama ile.

Kisha akalamba kidole gumba, akaanza kuisugua ile rangi. Nilipiga kelele kwamba anaiharibu. Akaniambia, “Nyamaza, Verna, hii iliharibika zamani.” Alisugua mpaka glovu ikabaki tupu.

Picha hiyo imo ndani ya bahasha hii. Nilitaka kupiga simu, Baba akakataa; miaka yote alimwambia Clete aangalie picha, basi sasa aangalie. Mwekee mkononi, umwambie kwa maneno ya Baba mwenyewe, “Harlan anasema mpira ulidondoka, na aliuona.” Akiwa amefumba macho, mwambie sikioni. Tafadhali usingoje aamke.

Wasalimie wanao na majirani. Roy anakusalimu. Baba hajarudi kwake tangu jana; yuko dirishani, chakula hakigusi, kila baada ya muda ananiuliza kama mmeipata, na mimi hata stempu sijabandika.

Dada yako akupendaye,
Verna