Mkali Huingia wa Mwisho

Papa,

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Yule samaki dume wa Nadège, mweusi mwenye mshipi wa njano, amekufa. Aliuawa ndani ya tangi lako la vioo hapa Panda, na aliyemuua ni Komiseri wetu, dume mweusi mwenzake aliyekuwamo. Ni wiki sita sasa. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu.

Unakumbuka ulivyonishika mkono pale kitandani. "Clarisse, batoto bangu bote baikale nyumba moja." Niliitikia kwa kichwa. Ningefanya nini? Ulikuwa unatuacha. Lakini moyoni nilisema: Ma Berna, mwanamke wako wa pili, na mabinti zenu wana kwao Kikula, mimi nina kwetu, na Mama alikufa ndani ya nyumba hii akikungoja urudi kutoka huko kwao. Basi nikakaa na ile ahadi kama mtu anavyokaa na jino bovu, nikitafunia upande wa pili.

Mvua ikaniamulia. Ukuta wao wa matofali mabichi ulianguka, ukaangukia lile tangi dogo ulilowatengenezea. Siku hiyohiyo Ma Berna alifika na godoro limefungwa kamba, Chantal mdogo mgongoni, na gunia la ndakala, zile dagaa kavu anazouza sokoni. Nyuma yao alikuja Nadège, dada yake, na beseni kichwani. Alitembea hivyo kutoka Kikula, polepole, maji yasimwagike. Ndani mlikuwa na samaki sita: dume, majike wawili, na wale wadogo watatu wanaolala ndani ya makombe ya konokono.

Alinikabidhi beseni kwa mikono miwili, akaniita kama mdogo amwitavyo dada mkubwa, "Yaya, ubatie muzuri."

Papa, mimi nilijua. Ulinifundisha kabla sijajua kuzidisha saba mara nane. Wawili wanaotaka jiwe moja usiwaweke pamoja. Chagua wa kombe, anayetaka mchanga. Wa mawe, anayetaka mashimo. Wa juu, anayetaka maji matupu. Hapo kila mmoja anataka kitu ambacho jirani yake hakitaki. Na wale weusi, "Moja ao mingi. Mbili ni vita," kwa sababu wakiwa wengi mapigo yanagawanyika, hakuna anayeyabeba peke yake. Na kubwa kuliko yote: "Mugeni akikuya, vuluga mabwe kwanza. Mukali njo anaingia wa mwisho." Ulikuwa unatoa mawe yote ya chokaa, yale uliyoyaleta kwa baiskeli kutoka Kakontwe kwa kuwa maji yetu ni laini mno kwa watoto wa ziwa Tanganyika. Komiseri alingoja ndani ya sufuria ya bukari, ugali wetu, Mama akinung'unika. Ukiyapanga upya, akirudi, hana tena kwake. Naye mgeni, kama wengine.

Nilijua yote hayo, nikainamisha beseni na kuwamwaga. Sikusogeza hata jiwe moja. Nilijiambia nimechoka, bukari iko motoni. Uongo. Nilitaka kuona. Nilitaka walau samaki wa nyumba ile waonyeshwe hapa ni kwa nani.

Bukari haijaiva, dume wa Nadège alikuwa ananing'inia pembeni juu, mkia umechanwachanwa. Kabla jua halijazama alikuwa kwenye mchanga.

Nadège hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Weye ulijua. Minye pia alinifundisha." Kumbe na yeye ulimfundisha, Papa, kwa maneno yaleyale. Miaka yote nilidhani ni yangu peke yangu. Sijui ni kipi kiliniuma zaidi, hilo au yule samaki. Tangu siku hiyo hakuniita yaya tena. Aliniita madame, kama wanafunzi wangu.

Vita ikahamia sebuleni. Ma Berna akiamka na jogoo kumwimbia Bwana wa kilokole chake, mimi nilisali rozari kwa sauti ya kushindana, Bikira Maria anisamehe. Akielekea kwenye kiti chako mbele ya tangi, nilimtangulia. Mshahara wa mwalimu umekuwa hadithi siku hizi, wazazi wananilipa unga, na ule unga mimi, mtu mzima, niliufungia ndani ya kabati ya Mama. Naye Ma Berna alitania mbele ya majirani kwamba njaa ikizidi anajua cha kukaanga ndani ya nyumba hii. Walicheka sana. Mimi nilinuna siku mbili.

Halafu siku moja nimekaa kwenye kiti chako, kwa ukaidi tu, hata sikutaka kukaa. Komiseri alikuwa anazunguka. Amfukuze huyu nyuma ya bomba, arudi mbio kulinda jiwe, amfukuze yule. Nilitupia chakula, wengine waliiba vipande, yeye hakupata nafasi ya kula. Tangi lote lake, na mbavu zimeanza kuonekana. Ndipo nikakumbuka ulichosema nilipokuwa mdogo na kumwita dume mkali wa wakati ule mchawi: "Mu ziwa, mwenye kushindwa anaendaka tu. Kioo njo kinaua." Nikajiuliza, Ma Berna akishindwa hapa, ataogelea kwenda wapi? Ukuta wake uko chini. Nikalia, Papa, kwa mara ya kwanza tangu kilio chako.

Nilimwita Nadège nikampa wavu. Nikamwambia, "Ni kweli. Nilijua." Akaupokea wavu. Alimtoa Komiseri kwanza, akamtia kwenye sufuria, kisha akatoa mawe yote na kuyajenga kwa akili yake, chini zaidi kuliko wewe, mashimo mengi. Siku tatu tukapikia kwenye sufuria ya jirani. Alipomrudisha alifunika tangi kwa kitenge cha mama yake. Tulipokifunua, Komiseri alikuwa anatafuta jiwe lake. Akatafuta, akatafuta. Akafukuza wawili bila moyo, kisha akala pamoja na wengine.

Na mimi nikafunga mzigo. Maana mkali wa nyumba hii, Papa, hakuwa ndani ya maji.

Nilimpa Ma Berna funguo, nikamwambia apange nyumba anavyotaka. Akauliza, "Ata kabati ya mama yako?" Nikamwambia, "Ata ile." Nikaenda kwa tante Pélagie, dada yako, huko Shituru, wiki nzima. Alinicheka: binti wa kwanza amefukuzwa kwake! Sikumweleza, asingeelewa mambo ya samaki.

Nilirudi Jumapili baada ya misa, nikapiga hodi kwenye mlango wa nyumba niliyozaliwa. Ma Berna alinikaribisha. Kabati iko chumbani kwa wasichana. Sahani za Mama zenye ukingo wa bluu, zile alizokuwa anawawekea wageni ambao hawakuja, zilikuwa mezani zimejaa ndakala. Nusura nipige kelele. Nikala. Ndakala za Ma Berna ni tamu, ulijua hilo kabla yangu. Kiti chako kiko karibu na mlango, anakikalia aliyechoka. Nadège akanisogezea mimi kistuli: "Ikala apa."

Kutoka kwenye kistuli unaliona tangi kwa ubavu. Na kwa ubavu, Papa, nimeona yule jike wa kombe ana watoto, wadogo kama punje za ulezi, mlangoni pa kombe lake. Wewe hukuwaona namna hii hata siku moja; kiti chako kilikuwa kinaangalia upande mwingine.

Nadège bado ananiita madame. Sitamwomba neno lile la yaya. Wavu nimemwachia awe nao.

Ninachokuahidi ni hiki. Siku ukali ukinirudia, njia ya Shituru naijua. Nitatoka mwenyewe, nirudi kwa hodi, niingie wa mwisho.

Pumzika sasa, Papa. Batoto bako bote banaikala nyumba moja.

Binti yako,
Clarisse